Kufundisha Historia ya Chuo Kikuu kwa Mizani: Mfano wa Kizumbi, Shinyanga

Mwalimu anapofundisha historia ya chuo, mara nyingi huandika ubaoni orodha ya miaka, nao wanafunzi huikariri na kuisahau upesi. Tunapendekeza njia nyingine: aanze na haja iliyozaa chuo, kisha miaka ifuate.

Maelezo kwa mwalimu

Huko Kizumbi, katika Manispaa ya Shinyanga, ipo kampasi ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Asili ya elimu hii ya ushirika inaeleweka vizuri kwa kutazama pamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa walilalamika kuwa wanunuzi waliwapunja kwenye mizani. Wakaweka wapimaji wao wenyewe, wakaunda vyama, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani.

Ushirika ulipopanuka nchini ulihitaji makatibu, wahasibu na wakaguzi. Mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kilianzishwa Moshi. Mwaka 2004 kikawa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na mwaka 2014 chuo kikuu kamili. Masomo yake, yakiwemo ushirika, uhasibu na fedha, yanalingana na haja ile ya kwanza.

Hatua za somo

1. Mwalimu alete mizani na mfuko wa mchanga wa kilo 10. Mwanafunzi mmoja awe mkulima, mwingine karani wa mnunuzi, naye aandike kilo 9.
2. Wanafunzi wakokotoe hasara kwa bei ya mfano ya shilingi 1,000 kwa kilo: mfuko mmoja, kisha mifuko 20.
3. Mwalimu aulize: Nani angeweza kugundua udanganyifu huu? Angehitaji kujua nini?
4. Hapo ndipo asimulie habari za wakulima na chuo, na kuandika miaka ubaoni.

Kwa nini somo hili ni muhimu

Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2000, na katika ukanda huo yapo machimbo madogo mengi. Mtoto humwona kijana aliyeacha shule akirudi na fedha. Waliorudi mikono mitupu hawasimuliwi. Tukimhubiria tu kwamba elimu ni ufunguo wa maisha, hatatusikia. Tumwonyeshe kuwa dhahabu nayo hupimwa: mchimbaji asiyejua kusoma mizani hupunjwa gramu, kama mkulima wa zamani alivyopunjwa ratili.

Zoezi

Chagua chuo kimoja kilicho karibu na shule yako ya mazoezi. Eleza haja iliyokizaa, kisha andaa kitendo kimoja kitakachowafanya wanafunzi waione haja hiyo kabla hawajasikia jina la chuo.