Gokati: pikapu au gari la familia?

Swali: Kijana wangu anaendesha gokati kule Athi River. Mimi nina Toyota Noah, shemeji ana pikapu ya dabo kebini. Tubebe na ipi?

Jibu: Chukua ya shemeji, hata kwa sababu ya harufu tu. Petroli kidogo ikivuja ndani ya Noah, mtafika Mlolongo vichwa vinawagonga. Ila dabo kebini ni fupi: nafasi ya mzigo ina kama mita 1.5, na gokati ya kijana huyo inakaribia mita 2 kwa urefu, mita 1.4 kwa upana. Fungua bampa zote mbili na magurudumu, teremsha mlango wa nyuma, ufunge kitambaa chekundu.

Wengi huharibu hapa. Magurudumu yakitoka, sproketi na diski ya breki ndizo zinazogusa sakafu kwanza, na sproketi iliyopinda itakutupia mnyororo mzunguko wa pili. Weka vipande vya mbao chini ya mabomba makuu ya chesisi, upande huu na huu, hadi ekseli ining'inie. Mikanda ya racheti ipitishe kwenye mabomba hayohayo. Usiifunge kwenye usukani, wala juu ya kiti. Kiti cha faibaglasi hupasuka. Ukikaza kupita kiasi unapinda chesisi, kwa hiyo ikishaacha kutikisika, inatosha.

Noah ikilazimu, kunja viti, maliza mafuta yote tangini, chomoa betri kama ipo, na madirisha yawe wazi. Kuinua ni watu wawili, wenye migongo mizima.