Sheria Tatu za Mwendo: Zielewe kwa Vitu Vilivyopo Mapera, Mbinga

Kama wewe au mwanao anaanza fizikia sekondari, atakutana na sheria za mwendo, tena kwa Kiingereza. Wengi huzikariri, wakafanya mtihani, wakazisahau. Ni afadhali kuzielewa kwanza kwa Kiswahili, na mitelemko ya Mbinga pamoja na maji ya Ziwa Nyasa vinatupa mifano ya kutosha.

Nitahitaji nini, na kwa gharama gani?

Tafuta kikombe, kipande cha boksi gumu, sarafu, uzi, mrija wa soda, selotepu na puto. Vingi vipo nyumbani. Puto hupatikana madukani kwa shilingi mia chache tu.

Kani ni nini?

Kani ni msukumo au mvuto. Unaposukuma toroli unatoa kani; pera linapodondoka, ardhi imelivuta kwa kani. Kani hupimwa kwa nyutoni, kipimo kilichopewa jina la Isaac Newton, Mwingereza aliyechapisha sheria hizi tatu mwaka 1687. Ukishika kitu cha gramu 100, ardhi inakivuta kwa takribani nyutoni 1.

Tungamo na uzito si kitu kimoja?

Hapana. Chukua gunia la kahawa la kilo 50. Hizo kilo 50 ni tungamo, yaani wingi wa vitu vilivyomo ndani ya gunia. Uzito ni kani ambayo ardhi inalivutia gunia hilo. Zidisha kilo kwa 10 utapata makadirio yake: nyutoni 500. Gunia hilo likifikishwa mwezini litabaki na kilo zake 50, lakini uzito utashuka hadi karibu moja ya sita.

Sheria ya kwanza inasemaje?

Kitu kilichotulia huendelea kutulia, na kinachokwenda huendelea kwenda kwa kasi ileile katika mstari ulionyooka, mpaka kani itokayo nje ikibadilishe. Tabia hii ya kung'ang'ania hali huitwa inesha.

Jaribu: funika kikombe kwa kipande cha boksi, weka sarafu katikati, kisha lipige boksi kwa kidole litoke upesi. Boksi litaruka, sarafu itatumbukia kikombeni. Ndivyo ilivyo kwenye basi la Songea likifunga breki ghafla: basi linapunguza mwendo, mwili wako unaendelea mbele. Mkanda ndio unaotoa kani ya kukuzuia, kwa hiyo ufunge.

Utauliza, mbona mpira ukipigwa husimama wenyewe? Hausimami wenyewe. Unasimamishwa na msuguano, yaani kani inayotokea vitu viwili vinaposuguana. Uviringishe kwenye mchanga wa ufukweni Mbamba Bay, kisha kwenye sakafu ya saruji. Sakafuni utafika mbali zaidi, kwa kuwa kani inayoupinga ni ndogo.

Na sheria ya pili?

Hii ndiyo yenye hesabu. Kani ni sawa na tungamo mara mchapuko. Mchapuko ni kiasi ambacho kasi inabadilika kila sekunde.

Tuseme toroli na mzigo wake vina kilo 60, na baada ya kuushinda msuguano unabakiwa na kani ya nyutoni 60. Gawa 60 kwa 60: kila sekunde kasi inaongezeka kwa mita 1 kwa sekunde. Ongeza mzigo mpaka kilo 120, ubakiwe na kani hiyohiyo, na ongezeko litakuwa nusu tu.

Maji ya mvua nayo hufuata sheria hii. Yakiachwa kwenye mtelemko mrefu, mvuto wa ardhi huyaongezea kasi mpaka yanabeba udongo. Mashimo ya ngoro ambayo Wamatengo huchimba mashambani huyakatisha njiani kabla hayajapata kasi hiyo.

Sheria ya tatu je?

Kitu kimoja kikikisukuma kingine, hicho kingine nacho hukisukuma kwa kani iliyo sawa, upande wa kinyume. Mpiga kasia husukuma maji nyuma, na maji huusukuma mtumbwi mbele.

Jaribu: pitisha uzi ndani ya mrija, ufunge uzi kati ya viti viwili, jaza puto hewa, libandike kwenye mrija kwa selotepu, kisha achia mdomo wake. Hewa inatoka nyuma, puto linakwenda mbele.

Hapa wengi hujikwaa: kama kani hizo ni sawa, mbona hazifutani? Kwa sababu kila moja inakigusa kitu chake. Ukiruka kutoka mtumbwini kwenda ufukweni, miguu yako inausukuma mtumbwi nyuma, nao unakusukuma wewe mbele. Mtumbwi mtupu utarudi mbali; uliosheheni samaki na watu utasogea kidogo, kwa kuwa una tungamo kubwa. Kwa hiyo shuka taratibu huku mwenzako ameushika.

Sheria hizi zinanisaidia nini barabarani?

Chukua bodaboda yenye breki zinazopunguza kasi kwa mita 5 kwa sekunde, kila sekunde. Ikiwa kwenye kilomita 36 kwa saa, itasimama baada ya mita 10 tangu breki zishike. Ikiwa kwenye kilomita 72, itahitaji mita 40. Kasi imeongezeka mara mbili, umbali mara nne. Kwenye mtelemko umbali huo unazidi, kwa sababu ardhi inaivuta chini huku breki zikiizuia. Punguza mwendo kabla ya kuanza kushuka.

Nikipewa swali darasani, nianzie wapi?

Chora kitu kimoja tu unachoulizwa. Weka mishale ya kani zote zinazokisukuma au kukivuta. Toa zinazopingana upate kani inayobaki. Igawe kwa tungamo upate mchapuko. Kisha andika vipimo vyake.

Mwisho, mweleze mdogo wako kila sheria kwa Kiswahili bila kufungua daftari. Akielewa, chukua kitabu cha darasani ujifunze maneno yake ya Kiingereza. Utakuwa unajifunza majina ya vitu unavyovijua tayari.