SOMO LA JIOGRAFIA: EUCLA, MUJI ULIOFUNIKWA NA MUCHANGA

Mukamate karte ya Australia. Mufuate pwani ya kusini, pale bahari inapoingia katika inchi kama upinde mukubwa. Karibu na mupaka wa majimbo mawili, upande wa magharibi, mutaona Eucla. Toka pale mpaka Perth, muji mukubwa wa jimbo lake, ni zaidi ya kilometa 1.400. Watu wake hawafiki 100.

1. INCHI
Nyuma ya Eucla ni uwanda wa Nullarbor. Jina lile ni la Kilatini, maana yake «hakuna muti». Chini ni mawe ya chokaa. Mvua ni kidogo, na maji yanapotelea ndani ya matundu ya mawe. Kwa sababu hiyo hakuna mito. Lakini kuna mapango makubwa, na wakati wa baridi nyangumi wanakuja kuzaa katika bahari ile.

2. WENYEJI
Wenyeji ni Wamirning. Walijua mahali pa kupata maji tangu zamani sana, mbele Wazungu hawajafika. Mwaka wa 2017 tribinali ya Australia ilitambua haki yao juu ya udongo wa sehemu ile.

3. NYUMBA YA TELEGRAFU
Mwaka wa 1877 waya wa telegrafu uliunganisha Australia ya Magharibi na makoloni ya mashariki, na waya zote mbili zilikutana Eucla. Lakini kila upande ulitumia alama zake za Morse! Basi watumishi walikaa pande mbili za meza ndefu. Huyu anasikia habari, anaiandika, anaipitisha katika tundu. Yule anaituma tena kwa alama za kwao. Vyakula na vyombo vilifika kwa mashua.

4. SUNGURA NA MUCHANGA
Mwaka wa 1859 tajiri mumoja wa Victoria alileta sungura wachache toka Uingereza kwa kuwawinda. Wakazaana sana. Katika miaka ya 1890 walifika Eucla, wakakula majani yaliyoshika vilima vya muchanga. Mizizi ikakufa, upepo ukaanza kusukuma muchanga mpaka ku milango ya nyumba.

Lakini musijibu kwamba muchanga peke yake uliua muji. Njia ya treni ilimalizika mwaka wa 1917, mbali upande wa kaskazini, kiisha waya mupya ukafuata njia ile. Mwaka wa 1927 nyumba ya telegrafu ikafungwa. Muji wa sasa uko juu ya mwamba, kama kilometa 4 toka kuta za zamani. Kuta zile zingali pale. Upepo unazifunika, kiisha unazifunua.

5. FUNDISHO
Katika mufano wa Bwana Yesu, mupumbavu alijenga nyumba juu ya muchanga. Hapa nyumba ilikuwa ya mawe, na muchanga wenyewe uliifuata, kwani watu walileta nyama bila kuuliza atakula nini. Kwetu vilevile, mwenye kuchoma majani ya kilima, mvua itamupa jibu.

MASWALI
1. Kwa nini Nullarbor haina mito?
2. Taja sababu mbili zilizomaliza Eucla ya zamani.
3. Karibu na masomo yetu, ni majani gani yanashika udongo? Uende kuangalia, kiisha uandike.