Jagi la maji halizimi pilipili

Shemeji alitua Msamala kutoka Dar es Salaam mwezi Juni, baridi ya Songea ikiwa imeshika kisawasawa. Mezani palikuwa na ugali, dagaa wa Ziwa Nyasa na kachumbari iliyokatiwa pilipili mbuzi. Moja tu. Tonge la tatu akaanza kuvuta hewa kwa meno, machozi yakamlenga, mkono ukakimbilia jagi. Bilauri mbili za maji, na moto uleule.

Kinachowasha ni kapsaisini, inayokaa zaidi kwenye ule utando mweupe ulioshikilia mbegu (mbegu zenyewe zinasingiziwa). Ulimini mna vihisio vya kutambua joto la kuunguza, kuanzia nyuzi 43 hivi za Selsiasi. Kapsaisini ikivigusa, hupeleka ubongoni taarifa ileile: tunaungua. Ndiyo maana mtu aliyevaa sweta mbili alitokwa jasho. David Julius wa Marekani na wenzake walikitambua kihisio hicho mwaka 1997, na mwaka 2021 akatunukiwa Nobeli ya tiba pamoja na Ardem Patapoutian. Kuku wetu wa uani wangeidonoa pilipili hiyo bila wasiwasi. Kihisio cha ndege hakiijali.

Kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta. Maji huisambaza tu mdomoni.

Mama hana habari na Nobeli, ila alimnyang'anya jagi akamletea kikombe cha mtindi. "Shemeji, usimeze upesi. Uzungushe kwanza mdomoni." Maziwa yana kasini, protini inayoikamata kapsaisini na kuibandua ulimini. Nyumba isiyo na maziwa, kijiko cha sukari kilambwe polepole, au karanga zitafunwe. Chai ya moto ndiyo isiguswe kabisa: inagonga mlango uleule.

Mimi, mkataji wa kachumbari, sikuonja hata kipande. Nilinawa kwa maji matupu, nikaja kujifikicha jicho. Methali inauliza pilipili usiyoila yakuwashia nini. Jicho langu lilikuwa na jibu. Jichoni ni maji safi, mengi, basi. Mafuta na maziwa yaishie mdomoni na mikononi. Viganja ndivyo vya kupakwa mafuta ya kula, visuguliwe hadi chini ya kucha, kisha vioshwe kwa sabuni, ikibidi mara mbili.

Sasa naanza na mafuta ya alizeti viganjani kabla sijashika kisu. Shemeji naye, asubuhi yake, aliuliza kama ile kachumbari ilibaki.