SOMO LA ROBO HII: MWAROBAINI UPI?
Jinsi wataalamu wanavyopanga viumbe katika jenasi na spishi, na kwa nini kamati zetu zinahitaji kujua



Mwanafunzi mmoja wa Kipaimara aliwahi kutuuliza swali lililotuchekesha, kisha likatufikirisha. Alikuwa amesoma 1 Wafalme sura ya 1, mahali ambapo Sulemani anapandishwa juu ya nyumbu wa mfalme Daudi. Akauliza: "Walimkamataje huyo nyumbu Serengeti, na alikubalije kupandwa?"

Mtoto hakukosea. Kiswahili kina jina moja kwa wanyama wawili. Nyumbu wa Biblia ni mtoto wa punda dume na farasi jike. Nyumbu wa Serengeti ni mnyama mwingine kabisa, wa jamii moja na ng'ombe na swala. Katika darasa la Kipaimara kosa la namna hii huisha kwa kicheko. Katika mradi wa maendeleo linaweza kugharimu fedha za wafadhili na hata afya ya watoto. Sisi tumejifunza hivyo kwa uchungu, na ndiyo sababu ya somo hili.

Yaliyotupata

Miaka kadhaa iliyopita tuliandaa mradi wa kupanda miti katika sharika za ukanda wetu mkavu. Umoja wa Wanawake waliomba mwarobaini. Walikuwa na mpango mzuri: kivuli kwenye uwanja wa kanisa na chekechea, na baadaye kuponda mbegu ili kupata dawa ya kunyunyizia mboga. Ofisini kwetu tulijaza fomu ya kuagiza miche. Kwenye nafasi ya aina ya mti tuliandika neno moja: "mwarobaini".

Miche ililetwa, ikapandwa, ikamwagiliwa kwa bidii. Mwaka wa tatu sehemu kubwa ya miti ile ilichanua maua ya zambarau. Mzee mmoja wa usharika aliyewahi kufanya kazi ya misitu aliyatazama, akatuambia kwa upole, "Wanangu, huu si ule mwarobaini mlioutaka."

Alikuwa sahihi. Mti tulioutaka ni Azadirachta indica. Mti tulioupata ni Melia azedarach, ambao mahali pengi watu huuita mwarobaini pia kwa sababu ya kufanana. Matunda ya mti huu wa pili ni sumu kwa binadamu, na nguruwe wanajulikana kudhurika kwa kuyala. Nasi tulikuwa tumeupanda karibu na chekechea, na mingine kando ya banda la nguruwe la kikundi!

Aliyetuuzia miche hatumlaumu peke yake. Tulimwandikia neno moja lenye maana mbili, naye akatupa mojawapo.

Jina la nyumbani na jina la kitaalamu

Majina yetu ya nyumbani ni hazina. Mara nyingi hutueleza matumizi: mwarobaini umeitwa hivyo kwa sababu watu waliamini unatibu magonjwa arobaini. Lakini jina la nyumbani hubadilika kutoka kabila hadi kabila, na kama tulivyoona, jina moja linaweza kubeba miti miwili.

Jina la kitaalamu lina kazi nyingine. Linamtambulisha kiumbe mmoja kwa watu wote duniani, na linaeleza ndugu zake ni akina nani. Lina sehemu mbili. Ya kwanza ni jenasi, nayo huanza kwa herufi kubwa. Ya pili hutaja spishi, nayo huandikwa kwa herufi ndogo. Katika vitabu jina lote huchapwa kwa herufi za mlalo, na kwa mkono hupigiwa mstari chini. Linafanana na jina la mtu, isipokuwa hapa jina la ukoo hutangulia na jina la mtoto hufuata.

Utaratibu huu una historia inayotugusa sisi Walutheri. Aliyeueneza ni Carl Linnaeus, aliyezaliwa Sweden mwaka 1707, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri aliyependa sana bustani. Kabla yake mmea mmoja uliweza kuwa na jina la maelezo marefu ya Kilatini, mstari mzima au zaidi. Katika kitabu chake Species Plantarum cha mwaka 1753 Linnaeus aliipa kila spishi ya mmea aliyoijua jina fupi la maneno mawili. Mwaka 1758 alikuwa amefanya vivyo hivyo kwa wanyama. Hadi leo miaka hiyo miwili ndiyo mwanzo unaotambuliwa wa majina ya mimea na ya wanyama. Watu wawili wakitoa majina tofauti kwa kiumbe kilekile, kwa kawaida jina lililotangulia ndilo linaloshika.

Spishi ni nini?

Maelezo yanayotumika sana yalitolewa na mtaalamu Ernst Mayr mwaka 1942: spishi ni kundi la viumbe wanaozaliana wao kwa wao katika mazingira yao ya asili, na ambao hawachangamani kwa uzazi na makundi mengine. Nyumbu wa mfalme Daudi anatusaidia hapa. Punda (Equus asinus) na farasi (Equus caballus) wanaweza kupata mtoto, lakini mtoto huyo kwa kawaida hazai. Kwa hiyo punda na farasi ni spishi mbili. Hata hivyo wanafanana kiasi cha kuwekwa katika jenasi moja, Equus, pamoja na pundamilia wetu, Equus quagga.

Jenasi, basi, ni kundi la spishi zilizo na undugu wa karibu. Jenasi zenye undugu hukusanywa katika familia, familia katika oda, oda katika ngeli, ngeli katika faila, na juu yake himaya. Ni kama tunavyosema mtaa, usharika, jimbo na dayosisi: kila ngazi inakusanya zile za chini yake.

Kanuni ya kuzaliana haitoshi kila mahali. Mimea ya spishi tofauti huchanganyika mara nyingi zaidi kuliko wanyama. Kwa hiyo wataalamu hutazama pia maua, matunda, mbegu, mahali kiumbe anapoishi, na siku hizi vinasaba vyake. Spishi mpya ikitangazwa, huandikiwa maelezo, na sampuli moja huhifadhiwa ili iwe kipimo cha jina hilo. Mwenye shaka anaweza kulinganisha mmea wake na sampuli ile.

Hata Linnaeus aliwaweka nyumba moja

Jambo moja lilitufariji kidogo. Mwaka 1753 Linnaeus mwenyewe aliiweka miti yetu hii miwili katika jenasi moja. Mmoja aliuita Melia azedarach na mwingine Melia azadirachta. Majina hayo mawili yametokana na maneno yaleyale ya Kiajemi yenye maana ya mti huru, au mti wa heshima. Mwaka 1830 mtaalamu wa Ufaransa, Adrien de Jussieu, aliona tofauti zinatosha kuutoa mwarobaini na kuuwekea jenasi yake, ndipo ukaitwa Azadirachta indica. Hata hivyo yote miwili ilibaki katika familia moja, ambamo pia yumo mkangazi wetu wa mbao.

Tofauti zenyewe hazihitaji darubini:

1. Majani. Mwarobaini wa kweli una kikonyo kimoja chenye majani madogo pande zote mbili. Melia azedarach ina kikonyo kikubwa kinachotoa vikonyo vingine, na hivyo ndivyo vinavyobeba majani madogo.

2. Maua. Ya mwarobaini ni meupe. Ya Melia azedarach yana rangi ya zambarau.

3. Matunda. Ya mwarobaini ni marefu kidogo kama zeituni. Ya Melia azedarach ni ya mviringo, nayo hubaki mtini hata majani yakishapukutika.

Jenasi hutupa dokezo, na spishi hutupa jibu. Katika jenasi hiyohiyo ya Melia yumo Melia volkensii, mti wa asili wa maeneo makavu ya Afrika Mashariki unaopendwa kwa mbao. Kamati ikiandika "Melia" peke yake, inaweza kupata mti wa mbao au ule wenye matunda ya sumu. Vilevile karatasi ya mbegu ikiandikwa jenasi na kufuatiwa na kifupi "sp.", maana yake spishi haikutambuliwa. Hapo msilipe kwanza. Ulizeni.

Majina hubadilika, nayo si hila

Baadhi ya kamati zimetuuliza kwa nini migunga imekuwa na majina mapya. Zamani migunga ya Afrika na ya Australia yote ilikuwa katika jenasi Acacia. Uchunguzi ulionyesha kwamba ndani ya kundi hilo mna koo kadhaa tofauti. Mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa mimea uliofanyika Vienna mwaka 2005 uliamua jina Acacia libaki kwa kundi kubwa lenye miti mingi ya Australia, na mkutano wa Melbourne wa mwaka 2011 haukuubadili uamuzi huo. Migunga yetu mingi sasa huitwa Vachellia au Senegalia. Miwati ya nyanda za juu, kwa kuwa asili yake ni Australia, imebaki Acacia mearnsii.

Kwa hiyo nyaraka mbili za mradi zinaweza kuwa na majina mawili, Acacia tortilis na Vachellia tortilis, kwa mti uleule. Mkaguzi asidhani tumenunua miti miwili. Mti mwingine, Faidherbia albida, ulitengwa na Acacia tangu zamani, na mkulima anaweza kuona sababu mojawapo kwa macho: hupukutisha majani wakati wa mvua, hivyo hauyazibii mazao jua. Aliyeagiza "mgunga wa shambani" bila jina kamili anaweza kupata mwingine usio na tabia hiyo.

Mbu wanaofanana

Elimu hii si ya miti tu. Mbu Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis, ambao wote hueneza malaria, hawawezi kutofautishwa kwa macho. Katika miaka ya 1960 majaribio ya kuwazalisha pamoja yalionyesha kwamba watoto wao wa kiume ni tasa, na hivyo wakatambuliwa kuwa spishi mbalimbali. Tabia zao pia ni tofauti. Wa kwanza hupenda zaidi kuuma watu, na kuwauma ndani ya nyumba. Wa pili huuma ng'ombe pia, na mara nyingi nje. Ndiyo sababu chandarua humpunguza wa kwanza kuliko wa pili. Wanaotumia vyandarua vyetu wasikate tamaa wala kuviacha, ila wajue kwamba saa za jioni nje ya nyumba zinahitaji tahadhari nyingine.

Tulivyorekebisha

Miti iliyokuwa karibu na chekechea na banda la nguruwe iling'olewa. Iliyokuwa mbali, mipakani mwa shamba, tuliiacha kwa ajili ya kuni na nguzo, na tukawaonya akina mama wasitumie mbegu zake kwa dawa. Tuliwaandikia wafadhili ukweli wote, na miche mipya tuliilipia kutoka fungu letu la usimamizi. Safari hii akina mama wenyewe walikagua majani kitaluni kabla ya kutia saini.

Tunaziomba kamati zote zifuate mambo manne:

1. Andikeni majina matatu kwenye kila fomu: la kikabila, la Kiswahili, na la kitaalamu lenye jenasi na spishi.

2. Andikeni kusudi la mti: kivuli, mbao, dawa ya mimea, malisho au kuni.

3. Mkipata shaka, kausheni tawi lenye majani na maua au matunda kati ya magazeti, mlipeleke kwa afisa misitu wa wilaya.

4. Shirikisheni wazee. Aliyetuokoa hakuwa na kompyuta. Alikuwa na macho na kumbukumbu.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Je, katika usharika wetu kuna mmea au samaki ambaye jina lake moja linatumika kwa aina mbili?

2. Mradi wetu wa sasa umeagiza nini, na jina lililoandikwa linatosha?

3. Someni Mwanzo 2:19-20. Adamu aliletewa wanyama mmoja mmoja ili awape majina. Ilimpasa afanye nini kwanza kabla ya kutoa jina?

Sisi tulipolijadili swali hilo la tatu ofisini, jibu letu lilikuwa fupi: ilimpasa amtazame. Mwaka ule sisi tuliandika jina kabla ya kuutazama mti. Mungu atusaidie tuwe mawakili waangalifu wa alivyoviumba, na wa sadaka zenu.