Ijue Bodi ya Mota Yako
Kijitabu cha elimu kwa wenye mashine na mafundi wa Mkoa wa Tabora

Kwa nini tunazungumzia bodi

Kuanzia Igunga na Nzega hadi Urambo na Kaliua, mota ya umeme ndiyo inayosaga mahindi, inayokoboa mpunga na inayovuta maji ya kisima. Anayenunua mota huuliza nguvu yake, bei yake, na kama imewahi kusukwa upya. Wachache huuliza bodi yake, yaani ganda lake la nje, ni ya madini gani. Jibu la swali hilo ndilo linaloonyesha mota iwekwe wapi, itunzwe vipi, na ikivunjika itengenezwe na nani.

Watu wa Tabora wamezoea kupima chuma na uzito tangu zamani. Katika karne ya 19, majembe ya wahunzi wa Usumbwa na Uzinza yaliuzwa Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, nao wapagazi wa Kinyamwezi walibeba kama frasila mbili kila mmoja, takriban kilo 32, katika njia ya Bagamoyo hadi Ujiji. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mizigo ile ikahamia kwenye mabehewa. Maarifa ya kupima uzito na uimara bado yanatufaa mbele ya mota.

Kazi tatu za bodi

1. Kushika viungo vyote ili shafti izunguke katikati bila kuyumba.
2. Kutoa joto la ndani na kulipeleka hewani kupitia mapezi yake.
3. Kukinga nyaya dhidi ya vumbi, maji na mikono ya watu.

Bodi hutengenezwa kwa nini?

*Chuma cha kusubu.* Ni chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Ni kizito: ujazo wa lita moja una kilo 7 na zaidi. Hustahimili mtikisiko, na miguu yake haipindi kirahisi. Kinafaa mashine kubwa za kusaga na kukoboa. Udhaifu wake ni kwamba kikipigwa nyundo au kikianguka hupasuka, hakibonyei.

*Alumini.* Lita moja ina kilo 2.7 tu. Hupitisha joto zaidi ya mara mbili ya chuma cha kusubu na haishiki kutu nyekundu. Inafaa mota ndogo na pampu zinazohamishwa. Hata hivyo miguu yake huvunjika mashine ikitikisika sana, na tundu la bolti hulika nyuzi zake bolti ikikazwa kupita kiasi.

*Bati nene la chuma.* Hukunjwa na kuchomelewa. Likibonyezwa hujikunja bila kupasuka, na fundi hulichomelea kwa urahisi. Rangi ikibanduka, kutu huanza.

*Chuma kisichoshika kutu.* Ni ghali. Hutumika zaidi viwandani, mahali ambapo mashine za chakula huoshwa kwa maji kila siku.

Namna ya kutambua

Chukua sumaku. Ikikataa kabisa kunata na bodi ni nyepesi, hiyo ni alumini. Ikinata kwa nguvu na uso wa bodi una chembechembe kama mchanga, huenda ni chuma cha kusubu. Ikinata na uso ni laini, wenye mstari wa kuchomelea, ni bati la chuma.

Soma pia kibao cha mota. Kwenye mota nyingi utaona namba kama 112 au 132. Hicho ni kimo, kwa milimita, kutoka chini ya miguu hadi katikati ya shafti. Ukibadilisha mota, namba hiyo ilingane na ya zamani, la sivyo puli hazitakaa sawa.

Joto ndilo adui

Mafundi wa mota wana kanuni ya siku nyingi: kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazozidi kiwango hupunguza maisha ya vanishi ya nyaya kwa karibu nusu. Pumba na unga vikijaa kati ya mapezi, joto halina pa kutokea, na mota huungua hata kama bodi yake ni bora.

Fanya hivi

- Zima umeme kwenye swichi kuu, kisha safisha mapezi kwa brashi kavu.
- Acha nafasi nyuma ya feni ili hewa ipite.
- Unganisha waya wa ardhini kwenye bodi. Bodi zote hizi hupitisha umeme. Waya wa ndani ukichubuka, bodi inaweza kuua.

Usifanye hivi

- Usifunike mota kwa gunia ikiwa inafanya kazi.
- Usipake rangi tabaka juu ya tabaka, huzuia joto.
- Usichomelee chuma cha kusubu kama bati la kawaida. Hupasuka tena kinapopoa. Kinahitaji kupashwa moto kwanza, elektrodi za nikeli, na kupozwa polepole.

Bodi ikipasuka

Simamisha kazi. Mguu mmoja uliovunjika hupindisha mstari wa shafti, huua beringi, kisha huunguza nyaya. Tafuta fundi anayeyajua madini ya bodi yako, au omba ushauri VETA au SIDO.

Ndugu mwenye mashine, leo kabla hujawasha, igusishe bodi sumaku, hesabu miguu yake, na utazame kama waya wa ardhini upo. Kama haupo, usiwashe mpaka ufungwe.