Somo la Jikoni: Tupime Moto Tunaopikia



Kila tunapozungumzia mabadiliko ya tabianchi katika darasa zetu za jioni, ushauri wa kwanza huwa ni kuzima taa. Ni ushauri mwema, kwani israfu ni israfu hata ikiwa ndogo. Lakini mimi ninayesoma uhandisi naona kwamba hapa Uganda tunaanzia pasipo penyewe. Leo tupige hesabu pamoja.

Tuanze na taa. Balbu ya LED ya wati 10 ikiwaka saa 5 kila usiku hutumia uniti 18 hivi kwa mwaka mzima. Na sehemu kubwa ya umeme wetu inatokana na nguvu ya maji ya mto Nile: Nalubaale, Kiira, Bujagali, Isimba na Karuma. Kwa hiyo hewa ukaa itokanayo na balbu hiyo ni kidogo sana.

Sasa tuje kwenye sigiri. Kilo 1 ya makaa yaliyochomwa katika tanuri la udongo hutokana na kilo 5 hadi 10 za kuni. Tuseme nyumba yenu hutumia kilo 2 kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 730 za makaa, yaani zaidi ya tani 3 na nusu za miti kwa uchache, au hata tani 7. Makaa hayo yakiungua hutoa zaidi ya tani 1.8 za hewa ukaa. Hapo hatujahesabu moshi wa tanuri lenyewe, ambao una methani, gesi inayopasha dunia joto kuliko hewa ukaa.

Mtu atasema: mti hukua tena na kuivuta hewa ile. Ni kweli, iwapo tunapanda kwa kasi tunayokata. Lakini miti ya shea ya Acholi huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa, nayo imekuwa ikikatwa kwa ajili ya makaa. Ndiyo maana mwaka 2023 Rais Museveni alipiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara kaskazini mwa nchi.

Mwingine atasema: joto hili limeletwa na nchi za viwanda. Hilo nalo ni kweli, na deni kubwa ni lao. Lakini misitu inayokwisha ni yetu, na moshi unaingia vifuani mwa mama na dada zetu.

Simlaumu mama anayenunua makaa ya mkebe mmoja kwa pesa aliyoipata leo. Jiko la umeme hudai pesa nyingi kwa siku moja, na hapo ndipo penye kizuizi. Sisi tulio hosteli tunaweza kukiondoa kwa kuchanga: watu wanne wakinunua sufuria ya presha ya umeme, maharagwe yao yataiva kwa umeme usiozidi uniti 1.

Asiyeweza kuchanga anayo mambo manne yasiyo na gharama:

1. Loweka maharagwe usiku kucha, yataiva upesi.
2. Funika sufuria.
3. Maji yakishachemka, punguza moto. Moto mkali hauyaongezei joto, unayakausha tu.
4. Ukimaliza kupika, yafunike makaa yazimike, uyatumie kesho.

Na tahadhari: usiingize sigiri yenye makaa yanayowaka chumbani mnapolala. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua.

Kazi ya wiki hii: pima makaa yanayotumika nyumbani kwenu kwa siku 7, andika na bei yake. Kisha uliza bei ya uniti moja ya umeme, ulinganishe. Tukikutana, kila mmoja aje na hesabu yake. Nadhani wengi wetu tutagundua kwamba mazungumzo yetu juu ya tabianchi yanapaswa kuhamia jikoni, na kwamba wavulana nao wanapaswa kuwemo humo.